Nyenzo huria, kozi za majukwaa au chuo cha mtandaoni: uchague kipi?

Anayetaka kusoma mtandaoni bila kulipa hakosi pa kuanzia. Andika jina la somo kwenye kisanduku cha kutafutia, liwe uhasibu, fizikia au uandishi wa programu, na utamwagiwa kozi hadi ushindwe kushika hata moja. Shida ni kwamba vitu vya aina tofauti kabisa vimetiwa kwenye kapu moja. Kuna mihadhara iliyorekodiwa na kuachwa hapo, mtu ajichukulie. Kuna kozi zenye ratiba, majaribio na cheti cha kununua. Kuna zinazotoa cheti bila senti. Na kuna vyuo vikuu kamili visivyotoza karo ya masomo. Mtu akiingia kichwa kichwa kwenye aina isiyomfaa, huishia njiani akidhani kasoro ni akili yake.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kabla ya kuuliza kozi ipi ni nzuri, jiulize wewe unapungukiwa na nini. Anayesoma chuoni hupata vitu vitatu kwa mpigo: maarifa yenyewe, watu na ratiba za kumsukuma, na karatasi inayotambulika. Mtandao umefanikiwa kutoa cha kwanza bure. Cha pili hukitoa nusunusu. Cha tatu, mara nyingi, hukiuza. Ukijua ni kipi kati ya hivyo unachokikosa, nusu ya uchaguzi imekwisha.

Aina zenyewe

Nyenzo huria, yaani vifaa vya masomo vilivyowekwa wazi kwa yeyote, ndizo kongwe. MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, ilitangaza mwaka 2001 mpango wa kuweka vifaa vya kozi zake mtandaoni, OpenCourseWare, ikaanza na kozi 50 mwaka uliofuata, na leo zimepita 2,500. Huhitaji akaunti, hakuna tarehe ya kuanza wala kumaliza, na hakuna cheti. Kundi hili lina pia Khan Academy, tovuti ya masomo na mazoezi iliyotokana na Salman Khan kumfundisha binamu yake hisabati kwa mbali mwaka 2004, na OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, ambayo tangu 2012 hutoa vitabu vya kiada vya kupakua bila malipo.

Kozi za majukwaa ndizo zinazojulikana kwa jina la MOOC, yaani kozi zilizo wazi kwa halaiki ya watu. Majukwaa mawili makubwa, Coursera na edX, yalizaliwa mwaka 2012. FutureLearn, iliyoanzishwa na Open University ya Uingereza, ikafuata nyuma yao. Hapa unajisajili, unafuata wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, unafanya majaribio, na ukitaka cheti unalipa.

Aina ya tatu husahaulika, nayo ndiyo ninayoipenda zaidi: kozi zilizo bure pamoja na cheti chake. CS50 ya Harvard, ambayo ni utangulizi wa sayansi ya kompyuta unaofundishwa na David Malan, hutoa cheti cha bure kupitia tovuti yake yenyewe, ingawa kozi hiyohiyo ikichukuliwa kupitia edX ina cheti cha kulipia. freeCodeCamp, tovuti ya kujifunza uandishi wa programu iliyoanza mwaka 2014, hutoa vyeti kwa anayekamilisha miradi. Saylor Academy nayo hutoa vyeti vya bure kwenye masomo mengi ya chuo, na OpenLearn, ambayo Open University iliianzisha mwaka 2006, hutoa hati ya ushiriki.

Ya nne ni chuo kikuu chenyewe. University of the People, kilichoanzishwa na Shai Reshef mwaka 2009, hakitozi karo ya masomo, ila kuna ada ya kujiunga na ada kwa kila somo unalofanyia tathmini. Hiyo si bure. Ni nafuu sana ukilinganisha na vyuo vingi, lakini anayekwenda pale akiamini hatatoa chochote atashtuka.

Kwenye maarifa, tofauti ni ndogo kuliko unavyodhani

Chukua aljebra mstari, somo asilolikwepa anayesomea uhandisi, takwimu au akili mnemba. Kwenye OpenCourseWare limewekwa kwa namba 18.06, mwalimu ni Gilbert Strang, aliyefundisha hadi mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 88. Mihadhara yake inayotazamwa zaidi ilirekodiwa mwaka 1999. Picha haina mbwembwe: ubao, chaki, na mwalimu anayewaza kwa sauti mbele ya darasa. Ukimaliza video, utakuta kwenye ukurasa wa kozi mazoezi yenye majibu, na mitihani ya nyuma nayo ina majibu yake. Hiyo mitihani ndiyo hazina, na wengi huipita bila kuitazama kwa kuwa wamekuja kutafuta video. Unakaa na kalamu, unajipa muda uleule aliopewa mwanafunzi wa darasani, unafanya, kisha unafungua majibu na kuutafuta mstari ulipopotea. Hakuna atakayekusahihishia. Lakini ukiwa mkweli na nafsi yako, utajua umesimama wapi.

Somo hilohilo kwenye jukwaa litakuja limekatwakatwa: video ya dakika 6, maswali mawili, video nyingine. Mkato huo una sababu yake. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichapisha uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video kwenye edX, wakakuta kwamba urefu wa video ndio ulioathiri zaidi muda ambao mtu hubaki akitazama, na kwamba baada ya dakika 6 hivi wengi huwa wameshaondoka. Watengenezaji wa kozi wakachukua mkasi. Kwa mtu anayesomea kwenye simu baada ya kazi, mkato huo ni msaada wa kweli. Hatari yake ni kwamba maswali mafupi humdanganya msomaji. Swali la kuchagua jibu moja kati ya manne linakupa nafasi ya robo hata ukifumba macho, na majukwaa mengi hukuruhusu kurudia. Nimeona watu wenye alama 95 kwenye jukwaa wakishindwa kuanza swali moja la mtihani ule wa 18.06. Hawakudanganya popote. Hawakuwahi tu kuulizwa swali lisilo na majibu ya kuchagua.

CS50 imelitatua hilo vizuri. Unaandika programu yako, unaiendesha kwenye kikaguzi chao, na dakika haiishi kabla ya mistari kuanza kushuka kwenye skrini: uso wa kijani unaotabasamu kwa kila jaribio programu yako iliyolipita, uso mwekundu ulionuna kwa kila lililoikwamisha. Chini ya uso ulionuna unaonyeshwa kilichotarajiwa na kilichotoka. Labda ulitakiwa kuchapa piramidi ya alama za reli (#) yenye ngazi 8, na yako imeweka nafasi moja ya ziada mwishoni mwa kila mstari. Kikaguzi hakijali kwamba kwa macho zinafanana. Unarudi, unarekebisha, unatuma tena. Mwalimu wa kawaida mwenye darasa kubwa hawezi kufanya hivyo kila usiku, kwa kila mwanafunzi.

Hapo ndipo unapoona kwa nini masomo hayafanani mbele ya mtandao. Uandishi wa programu na hisabati vinasahihishika kwa mashine, kwa hiyo vinatolewa bure kwa ubora mkubwa. Insha, uchambuzi wa sheria, mazungumzo ya lugha, kazi za maabara na uuguzi wa kitandani havisahihishiki hivyo. Majukwaa yamejaribu kuziba pengo kwa kuwafanya wanafunzi wasahihishiane: insha yako husomwa na wenzako watatu usiowajua, na kama bahati haipo, wawili wataandika "kazi nzuri" na wa tatu hatakuwa ameisoma. Kama unachotaka ni kuandika vizuri au kubishana kwa hoja, tafuta binadamu wa kukusoma kabla hujatafuta kozi.

Msukumo: hapa ndipo kozi nyingi hufia

Mwaka 2011 Stanford ilifungua kozi ya akili mnemba ya Sebastian Thrun na Peter Norvig kwa yeyote duniani, wakajiandikisha watu wapatao 160,000. Mwaka uliofuata MIT ikaweka kozi yake ya kwanza ya aina hiyo, ya saketi na elektroniki, chini ya Anant Agarwal. Walijiandikisha 154,763. Waliopata cheti walikuwa 7,157, yaani chini ya 5%.

Takwimu hiyo imetumiwa sana kuzicheka kozi hizi, na si haki kabisa. Kujiandikisha ni kubonyeza kitufe. Kuna anayebonyeza ili achungulie tu, na kuna anayetaka somo moja kati ya kumi. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walipochambua kozi za MIT na Harvard za 2012 hadi 2018, kwenye makala iliyotoka katika jarida la Science mwaka 2019, walikuta 52% ya waliojiandikisha hawakuwahi hata kuingia ndani ya kozi. Kwa wote kwa ujumla, waliomaliza katika mwaka wa mwisho wa uchambuzi walikuwa kama 3%. Lakini miongoni mwa waliolipia cheti kilichothibitishwa, walifika 46%.

Je, malipo humsukuma mtu, au mwenye nia ndiye anayelipa? Nadhani yote mawili, na la pili kwa sehemu kubwa zaidi. Kwa hiyo usilipie cheti ukitegemea kwamba uchungu wa pesa utakufikisha mwisho. Lipa pale ambapo tayari umemaliza robo ya kozi na una mahali pa kuipeleka karatasi. Kozi nyingi hukuruhusu kuhama kutoka kusoma bure hadi kulipia ukiwa umeshaanza.

Katika wale wa kozi ya saketi ya MIT, 340 walipata alama zote bila kukosa hata moja, na mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 15 kutoka Mongolia, Battushig Myanganbayar, ambaye baadaye alikwenda kusoma MIT. Habari zake zilizunguka dunia nzima kama ushahidi kwamba kipaji kilichoko popote sasa kinaweza kuonekana. Ni kweli. Ila sehemu ya pili ya habari hutajwa kwa sauti ya chini: mkuu wa shule yake alikuwa mhitimu wa MIT, ndiye aliyewaingiza wanafunzi kwenye kozi hiyo, na akamwalika mwanafunzi wa uzamivu kutoka Stanford aje kuwasimamia kwa vifaa vya maabara. Kozi ilitoka kwenye mtandao. Vifaa, ratiba na mtu wa kumuuliza vilikuwa chumbani pamoja nao.

Kinyume chake kilionekana San Jose, California, mwaka 2013. Chuo kikuu cha umma cha huko kilishirikiana na Udacity, kampuni ya Thrun, kufundisha hisabati na takwimu mtandaoni, baadhi ya walengwa wakiwa wanafunzi ambao somo hilo lilishawashinda. Hakuna hata kozi moja kati ya tatu iliyovuka 51% ya waliofaulu, na majaribio yakasimamishwa kwa muda. Awamu ya kiangazi ilitoa matokeo mazuri zaidi, ila safari hiyo wengi wa washiriki walikuwa watu wa aina nyingine, wakiwemo waliokuwa na shahada tayari. Baada ya hapo Udacity iligeukia mafunzo ya kazi ya kulipia.

Ukiyaweka matukio hayo mawili pamoja, unapata kigezo kimoja kisichoandikwa kwenye ukurasa wa kozi yoyote. Kadiri somo linavyokuwa gumu kwako, ndivyo unavyohitaji mtu wa karibu. Anayejua hisabati vizuri anaweza kuchukua nyenzo huria akaenda nazo peke yake. Anayeiogopa hisabati asianze peke yake na MOOC, hata ikiwa ya chuo chenye jina kubwa kiasi gani. Khan Academy humfaa zaidi kwa mwanzo, maana mazoezi yake humshusha hadi pale alipoachwa, hata kama ni hesabu za sehemu, kama nusu na robo, za darasa la sita, na humpandisha polepole bila mtu mwingine kujua. Akipata na mtu mmoja wa kumuuliza mara moja kwa wiki, bora zaidi.

Usitegemee pia vikumbusho vya programu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, uliopita kwenye kozi zipatazo 250, ulijaribu mbinu ndogo kama kumtaka mwanafunzi aandike mpango wake wa kusoma. Mpango uliongeza bidii wiki za mwanzo, kisha athari ikafifia. Watu wawili au watatu wanaosoma kozi ileile na kukutana siku moja kwa wiki, hata kwa simu, ndio msukumo ninaouamini. Inafurahisha kwamba kozi ya kwanza kuitwa MOOC, ile ya George Siemens na Stephen Downes kwenye Chuo Kikuu cha Manitoba mwaka 2008, ilijengwa hasa juu ya washiriki kuzungumza wao kwa wao. Walikuwa 25 waliolipa na zaidi ya 2,200 waliofuata bure. Majukwaa yaliyokuja baadaye yalichukua jina, yakaacha mazungumzo pembeni na kuweka video katikati.

Pesa na karatasi

Fuata hatua hizi kwenye jukwaa lolote kubwa utaona mchezo ulivyo. Kitufe kikubwa chenye rangi ya kung'aa kinakuambia uanze bure. Unabonyeza. Ukurasa wa pili unaomba namba ya kadi ya benki. Juu yake imeandikwa kwamba leo hulipi kitu, na chini, kwa herufi za kijivu, kwamba baada ya siku 7 utakatwa malipo ya mwezi, na ya mwezi unaofuata, hadi utakaposimamisha mwenyewe. Njia ya kusoma bila cheti, kama kozi hiyo inayo, huwa ni kiungo chembamba chini ya dirisha, au haionekani hadi ufungue ukurasa wa kozi moja moja badala ya mfululizo wa kozi. Kabla ya kutoa kadi, tafuta mambo matatu: kiungo hicho, fomu ya kuomba msaada wa ada kwa asiye na uwezo, na tarehe ya kukatwa. Msaada huo upo kwenye Coursera kwa kozi nyingi, lakini majibu huchukua kama wiki mbili, kwa hiyo omba mapema.

Masharti haya hubadilika, na mwelekeo ni mmoja. Mwishoni mwa 2018 edX, ambayo MIT na Harvard waliianzisha kwa dola milioni 60 kama taasisi isiyo ya faida, iliwawekea wasomaji wa bure kikomo cha muda na kuwafungia majaribio yenye alama. Mwaka 2021 ikauzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800. Julai 2024 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Jukwaa liliendelea kufanya kazi, lakini funzo kwa msomaji liko wazi: akaunti yako huko si kabati la kutunzia kazi zako. Nakili madokezo yako, pakua vyeti, weka mazoezi yako kwenye kifaa chako. Nyenzo huria hazina tatizo hili, maana ukishapakua ni zako.

Kuhusu thamani ya cheti chenyewe, niseme kisichopendeza. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliwauliza wanafunzi wa kozi zake za Coursera. Kati ya karibu watu 35,000 waliojibu, 83% walikuwa tayari na elimu ya chuo. Watu hao cheti cha MOOC huwaongezea kitu, kwa sababu kinakaa juu ya shahada. Mhasibu mwenye shahada anayeongeza cheti cha uchambuzi wa data anaeleweka mara moja. Asiye na shahada akibeba cheti hichohicho peke yake, mwajiri hajui akiweke wapi. Huyo wa pili ndiye ambaye ahadi ya elimu huria ilimlenga, na ndiye ambaye karatasi humsaidia kidogo zaidi.

Kwake yeye kuna njia mbili zinazofanya kazi. Ya kwanza ni kazi inayoonekana: tovuti, programu, uchambuzi ulioandikwa, michoro. Ndiyo maana freeCodeCamp, inayodai miradi kabla ya cheti, inamfaa kuliko kozi ya maswali ya kuchagua, hata kama hii ya pili imebeba jina la chuo maarufu. Ya pili ni kuingia kwenye mfumo wenye krediti, yaani masomo yanayohesabiwa kuelekea shahada. India imefanya jambo ninaloliona la busara: kwenye NPTEL, mpango wa taasisi zake za teknolojia, masomo ni ya bure kwa yeyote, lakini anayetaka cheti hulipa ada ya mtihani na kuufanya kituoni chini ya msimamizi. Karatasi ina uzito kwa sababu mtu alikaa kwenye kiti akaonekana. Cheti chochote unachofikiria kukilipia, kiulize hilo: nani alithibitisha kwamba aliyefanya mtihani ni mimi?

Chuo cha mtandaoni kisicho na karo ndicho pekee kati ya aina hizi nne kinachotoa shahada, basi ndicho pekee kinachohitaji uchunguzi wa ithibati, yaani uthibitisho rasmi kwamba chuo kinatimiza viwango. Usiishie kwenye neno "kinatambulika" lililoandikwa na chuo chenyewe. Tafuta jina la chombo kilichotoa ithibati, ingia kwenye tovuti ya chombo hicho, hakikisha chuo kimo, kisha iulize mamlaka ya vyuo vikuu ya nchi unayotaka kufanyia kazi kama inakubali shahada za nje zilizosomwa kwa mbali. Kuna nchi zinazokubali na zinazokataa, na baadhi huzikubali kwa fani fulani tu.

Intaneti, lugha na leseni

Kwa mwenye bando la kupimia, nyenzo huria hushinda bila ubishi. OpenCourseWare hukuruhusu kupakua vifaa vya kozi. Vitabu vya OpenStax ni faili za PDF. Kolibri, programu ya shirika la Learning Equality, hubeba masomo ya Khan Academy na mengine ndani ya kompyuta moja, na simu zilizo karibu zikayasoma bila intaneti. Kiwix hufanya hivyo kwa Wikipedia. Majukwaa ya MOOC yana programu za simu zinazopakua video, ila majaribio mengi bado hutaka uwe hewani.

Lugha ni kikwazo kikubwa kuliko intaneti, na husemwa kidogo. Sehemu kubwa ya kozi hizi ni za Kiingereza, na manukuu ya kutafsiriwa kwa mashine hufaa kwa mazungumzo, si kwa somo lenye istilahi. Anayesoma fizikia kwa lugha asiyoimudu anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Hapo ndipo leseni inapoacha kuwa jambo la wanasheria. Leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, zinasema wazi unaruhusiwa kufanya nini. Vitabu vingi vya OpenStax vinaruhusu yeyote kutafsiri, kubadili na hata kuuza mradi amtaje mwandishi. OpenCourseWare na Khan Academy huruhusu kutafsiri bila biashara. Kozi ya kawaida ya Coursera hairuhusu: unaitazama, basi. Kwa sababu ya leseni za aina hiyo, TESSA, mpango wa kuwafunza walimu ulioanzishwa mwaka 2005, una nyenzo za Kiswahili, na hadithi za African Storybook zinasomwa katika lugha nyingi ambazo hakuna mchapishaji wa biashara angezigusa. UNESCO, iliyoitisha mwaka 2002 mkutano uliozipa nyenzo hizi jina, ilipitisha pendekezo rasmi juu yake mwaka 2019, na suala la lugha limo.

Basi uchague kipi

Kama unahitaji maarifa tu, una nidhamu na somo haliko mbali na unayoyajua, chukua nyenzo huria na usipoteze muda kwa vyeti. Anza na mtihani wa nyuma ili ujue unachokosa.

Kama unahitaji ratiba na una kazi tayari, kozi ya jukwaa ni sawa. Isome bila kulipa wiki mbili za kwanza. Ukiona bado umo, na mwajiri wako amesema ataitambua, lipa.

Kama huna shahada na unataka kuingia kwenye kazi za kompyuta, chagua CS50 au freeCodeCamp, na miradi yako uiweke mahali watu wanaweza kuifungua. Kwa fani zinazodai usajili wa kitaaluma, kama sheria, uuguzi au uhandisi, hakuna kozi huria itakayochukua nafasi ya chuo chenye ithibati, itumie kujiandaa.

Kama ni shahada unayoitaka na pesa ni ndogo, chuo kisicho na karo kinastahili kufikiriwa, mradi umefanya uchunguzi wa ithibati nilioueleza na umejumlisha ada za masomo yote hadi mwisho, si za muhula wa kwanza pekee.

Na kama wewe ni mwalimu, ulinganisho wote huu ni rahisi kwako kuliko kwa mwingine yeyote: angalia leseni kwanza, ubora baadaye. Kozi nzuri usiyoruhusiwa kuinakili haitakusaidia darasani. Kitabu cha wastani chenye leseni huru unaweza kukikata, kukitafsiri, kubadili mifano yake na kuwachapia wanafunzi sura mbili tu wanazozihitaji. Ukiona herufi ND kwenye leseni, weka chini: unaweza kuigawa ilivyo, lakini tafsiri yako huruhusiwi kuisambaza.